Abwooli Wawili wa Rukoki

Weka mkono kifuani uape kwa kaburi la bibi yako kwamba haya hayatavuka kizingiti hiki. Umeapa? Vizuri. Hata mimi niliapishwa hivyo hivyo na Komuhangi, mama mkwe wa Evas mwenyewe, naye aliapishwa na wazee wa ukoo wao, na tazama sasa, chai haijapoa nami nimeshafungua mdomo. Siri ya namna hii ukikaa nayo inakuvimbisha tumbo.

Ilianza na mtu kuitika.

Evas, mke wa Jonan, alikuwa nyuma ya nyumba yao huko Rukoki anaanua mihogo, maana mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani. Komuhangi akamwita kutoka barazani: "Abwooli!" Hiyo ndiyo empaako yake, jina la heshima ambalo Watooro na Wanyabindi humpa kila mtu juu ya lile la ubatizo. Bila hilo huwezi kumsalimia mtu ukaonekana umelelewa. Evas akafungua mdomo aseme "Eee, Mama," kama siku zote, na kabla sauti yake haijatoka, ikatoka nyingine jikoni.

"Abee, Mama."

Laini. Ya kuvutwa. Huku kwetu hakuna mwanamke anayeitika hivyo. Hivyo wanaitika wa pwani.

"Haya, hivyo ndivyo mke anavyoitika," Komuhangi akasema peke yake, amefurahi. "Kumbe safari imemfunza adabu."

Evas aliacha mihogo akaingia jikoni. Hapakuwa na mtu. Jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi, lakini chai ya mama mkwe ilikuwa imeshamiminwa kikombeni, inatoa moshi, na badala ya harufu ya mkaa na nyama iliyokaushwa palinuka udi.

Udi ule aliujua. Kaka yake Jonan alioa Pemba, nao walikwenda arusini na mtoto wao Immy mgongoni. Boti kutoka Dar es Salaam ilipofika Unguja bahari ilichafuka, abiria wakaambiwa walale, wataendelea kesho. Wakapata chumba katika nyumba kuukuu ya ghorofa ndani ya Mji Mkongwe, yenye mlango wa kuchongwa na kisima katikati ya ua. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba Jonan amesahau kwenye boti mfuko wenye nepi zote za mtoto. Evas alimwambia alivyo. Na Evas akikwambia ulivyo, unajijua. Jonan akashuka chini anabweka peke yake kama mbwa aliyenyimwa mfupa.

Alipochungulia dirishani, Evas alimwona mumewe amekaa ukingoni mwa kisima, anaongea, anacheka, tena amejisogeza kidogo kama anayempisha mtu akae. Pale pembeni yake palikuwa patupu.

"Ulikuwa unaongea na nani, Araali?" alimuuliza aliporudi, maana Araali ndiyo empaako ya Jonan.

"Na mlinzi."

Shati lake lilinuka udi. Kesho yake kwenye boti aliacha kiti kimoja kati yake na mkewe, na mama mmoja mnene alipotaka kukaa, Jonan alimwambia kina mtu.

Basi huko Rukoki mambo yakaendelea. Evas akitoka kisimani anakuta kitanda kimeshatandikwa, kwa mikunjo ambayo si yake. Mashati ya Jonan yamepigwa pasi. Komuhangi akiita, "Abee" inatangulia, na Evas akija mbio anakuta kazi imekwisha na mama mkwe anamtazama kwa mshangao: "Si umetoka hapa sasa hivi?" Na Jonan, yule Jonan wa kununa, akawa mtu wa kutabasamu na pembe za nyumba. Hagombi. Evas akimpigia kelele anaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

"Kuna kitu humu ndani," Evas alimnong'oneza. "Kinaitika jina langu."

"Ni wewe," Jonan akasema taratibu. "Wewe ndiye umerudi na kitu. Watu wameona. Unaongea peke yako, una hasira kama nyoka. Mama anaogopa."

"Mama anaogopa nini? Mimi ninayechota maji yake?"

"Shusha sauti, Abwooli."

Na chumbani, nyuma ya pazia, kitu kikajibu kwa upole: "Abee, mume wangu."

Macho ya Jonan yalikwenda kwenye pazia, yakarudi haraka. Hakushtuka. Hapo hofu na ghadhabu zilimshika Evas pamoja, na ghadhabu ndiyo iliyokuwa na mkono mkubwa zaidi.

Lakini lililomvunja ni la mtoto. Siku hiyo, jua la mchana likiwa juu ya mabati, alimlaza Immy chumbani akaenda kufua, na akiwa katikati ya kufua akasikia vikuku vikigongana, yeye ambaye hajawahi kuvaa kikuku, kisha wimbo wa kubembeleza mtoto kwa maneno ya pwani, kisha sauti ambayo hakuna mama asiyeijua, ile ya mtoto anayenyonya kwa pupa na kuvuta pumzi kwa pua, akaacha nguo na sabuni akakimbia, akasukuma mlango ambao haukuwa umefungwa lakini ulimpinga kama mtu aliyeegemea upande wa pili, akausukuma kwa bega, kwa goti, kwa matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yako, na ulipoachia akamkuta Immy peke yake kitandani, ameshiba, tumbo limejaa, mdomo unameremeta maziwa na unanuka asmini, na alipomtolea titi lake mwenyewe, lililokuwa limejaa mpaka linauma, mtoto alilitazama, akamtazama yeye usoni, akageukia ukutani.

Tangu hapo Immy hakunyonya tena kwa mamaye. Jonan akaipeleka habari kwa wazee: mke wangu ana jini, mtoto anamkataa, aondolewe. Na mila yao unaijua. Mwanamke anarudishwa kwao, mtoto anabaki kwa ukoo wa baba. Baba mkubwa wa Jonan, mzee Byamugisha, akaita kikao.

Evas hakulia. Alipanda gari akaenda Bwera kwa shangazi yake, Erina, mwanamke mfupi anayeuza vitenge karibu na mpaka na anayeongea kama watu wa ng'ambo yake. Erina alimsikiliza mpaka mwisho huku akila karanga.

"Mutoto kukataa titi ya mama yake, ile haiko ugonjwa," akasema. "Sasa sikia. Jini ya pwani haina empaako. Na nyumba ya Mutooro haiingii mutu bila empaako, ingebaki kwa mulango inalia kama paka. Iko mutu aliipatia. Na kwa uvivu wake hakutafuta ingine, aliipatia ya kwako."

"Nani?"

"Unaniuliza mimi? Kule kwa kisima mulikuwa na mimi?"

Evas akamwona tena Jonan ukingoni mwa kisima, amejisogeza kumpisha mtu.

"Jina tayari inayo," shangazi akaendelea kwa sauti ya chini. "Kitanda inayo, mutoto karibu. Wazee wakisema tu 'toka', kiti chako kiko bure. Itakaa, na hakuna mutu atajua ulitoka."

"Basi nifanye nini, Shangazi?"

"Hilo jina liachilie. Nguo yenye mwizi amevaa, wewe unaivaa tena ya nini?"

Akasonga ugali wa ulezi, akapakua maharage, akawaita wazee wawili wa upande wao, na hapo hapo wakamlisha Evas tonge la kwanza wakampa empaako mpya, kama wanavyomfanyia mtoto mchanga. Akiiki. Mbele ya ukoo wake, Abwooli hakuwa yeye tena.

Siku ya kikao turubai lilitandazwa uani, wakaja wazee, wakaja majirani, na mimi pia nilipita kuomba chumvi nikakaa. Jonan alisimama akasema maneno yake mazuri: anampenda mkewe, lakini nyumba haina amani. Komuhangi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha Jonan akasema anaingia ndani kumwangalia mtoto, asije akaamka.

"Mwanamke," mzee Byamugisha akasema, "una neno?"

"Nina moja, baba. Mwite mke wa Jonan kwa empaako yake."

"Si wewe huyu hapa?"

"Mwite tu."

Evas akachukua kikombe, akajaza maji mdomoni mpaka mashavu yakatuna, akakaa hivyo, anawatazama mmoja mmoja kwa macho yaliyowaka. Watu wawili wakacheka. Byamugisha akakohoa, akaita kama anayeona haya: "Abwooli."

"Abee, baba."

Ilitoka ndani ya nyumba. Kicheko kilikatika. Maji yalikuwa bado mdomoni mwa Evas, hata tone halijadondoka.

"Ita tena," Komuhangi akanong'ona, midomo imekauka.

"Abwooli?"

"Abee, baba. Nipo na mume wangu."

Evas akayatema maji chini, akanyanyuka. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kufukuza mbuzi shambani, na uwanja mzima ukamfuata, wazee kwa fimbo zao, Komuhangi peku, wakasongamana kwenye ukumbi mdogo uliojaa udi mpaka macho yanawasha. Safari hii alipousukuma mlango wa chumbani, hakuna kilichompinga.

Jonan alikuwa amepiga magoti, amemnyanyua Immy kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka. Na kitandani alikaa Evas. Gauni la gomesi la Evas, nywele za Evas, kifua kimefunguliwa tayari. Ila ule uso, mwanangu, haukuwa na hata mkunjo, laini kama sahani, uso wa Evas ambaye hajawahi kukasirika tangu azaliwe. Ukatugeukia, ukatabasamu kwa wote sawasawa.

Evas alimnyakua mtoto mikononi mwa Jonan kwa nguvu hata yule bwana akayumba. Immy akapiga ukelele, akatafuta, akalishika titi la mamaye pale pale mbele ya wazee.

"Nilitaka tu mtu wa kuniitikia vizuri," Jonan akasema. Alikuwa bado amepiga magoti, mikono hewani, mitupu. "Kule ulikuwa unanitukana… nilitaka mtu mpole. Alisema hataki kitu kingine."

"Mtoto je?" Evas akauliza. "Mtoto wangu ni kitu gani?"

Jonan alijaribu kuinuka, hakuweza. Kile kitu kilikuwa kimemshika kifundo cha mkono, kwa vidole vyembamba vyenye hina, bila kukaza, kama mke anavyomshika mume kanisani.

Mzee Byamugisha alijitafutia sauti mpaka akaipata. "Araali," akasema, "tuambie mbele ya watu. Huyu ni nani?"

Jonan alitazama mamaye, akatazama majirani mlangoni, akanitazama hata mimi. Akavuta mkono. Haukutoka.

"Mkewe," kikasema kwa upole, na kikasogea kumpisha akae.