Gulzat Arudia Mtihani wa Umeme na Sumaku

"Nani alikutuma ukaniombee maksi?"

Temirlan akaweka chini bakuli lake la chai. Walikuwa mgahawani, mkabala na chuo chao cha uhandisi mjini Osh, na Gulzat hakutaka hata kuketi.

"Sikuomba maksi."

"Umeonekana ofisini kwa mwalimu. Jina langu limetajwa."

Mwaka mzima kijana huyo alimfundisha umeme na sumaku. Alimwaga unga wa chuma juu ya karatasi ili Gulzat aone jinsi nguvu ya sumaku inavyojipanga, akarudia bila kuchoka mpaka somo likamwingia. Mapenzi yao yalianzia hapo. Hata hivyo Gulzat alifeli, maana akishika kalamu tu mbele ya msimamizi, kila kitu kilimtoka kichwani. Kaka yake alishasema akifeli tena arudi nyumbani Naryn.

Sasa aliona aibu. Kumbe hata mpenzi wake anamwona mjinga! Akaondoka, akazima simu.

Asubuhi alipoiwasha, alikuta ujumbe wa Mwalimu Burul:

"Mwenzako ameniomba nikupime kwa mdomo. Anasema unalijua somo, na kwamba wewe ndiye uliyemwelewesha sura ya mawimbi. Njoo saa nne."

Gulzat aliusoma tena na tena, machozi yakamlengalenga.

Ofisini, mwalimu alidondosha sumaku ndani ya bomba la shaba, ikashuka polepole kana kwamba inazuiwa. Akamtaka aeleze sababu, ilhali shaba haivutwi na sumaku. Gulzat alianza kwa kubabaika, kisha maneno yakaja yenyewe: sumaku ikishuka inaamsha umeme ndani ya shaba, na umeme huo unazaa usumaku unaoipinga isishuke haraka. Maswali yalifuatana, akayajibu. Akafaulu.

Temirlan alikuwa akimsubiri nje, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nisamehe, Temir. Nilikudhania vibaya."

"Nilipaswa kukwambia kwanza. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa kweli." Akamshika mkono. "Usirudie. Lakini asante. Mimi nilikuwa nimeshajikatia tamaa, wewe hukunikatia."

Temirlan akainamisha kichwa. Gulzat akapiga simu Naryn.

"Kaka, nimefaulu. Tena kuna mtu nataka mumjue."

"Ndiye aliyekuwa akikufundisha?"

"Ndiye."

Sauti ya kaka yake ikalegea.

"Basi mlete nyumbani, mdogo wangu, tumshukuru."