Chuo Alichomtafutia

Ukumbi wa maonyesho ya vyuo ulifurika watu. Mchora ramani mmoja alikuwa akihangaika kuikunjua meza ya ofisi yao aliposikia dada akiwabana maofisa wa chuo cha jirani. Dada huyo alivaa gauni la kijani, nywele zimesukwa zikalala vizuri. Alitaka shahada ya mipango ya matumizi ya ardhi. Ada ameshaisikia, je, akihitimu, bodi ya wataalamu wa mipango itamsajili? Maofisa wakatazamana.

Mchora ramani akacheka.

"Kaka, kuna kichekesho?"

"Samahani, dada. Hilo swali mimi sikuliuliza nilipochagua chuo, na bodi haikunisajili. Ndiyo maana mimi nachora, wengine wanatia sahihi."

Dada mwenyewe alikuwa msusi. Mtaa wa mama yake ulijengwa kwenye mkondo wa maji, na kila mvua kubwa ikinyesha magodoro hutolewa nje. Alichoka kuambiwa ni mapenzi ya Mungu. Alitaka kuwa miongoni mwa wanaoamua nyumba zikae wapi.

Tangu siku hiyo simu zao hazikuisha. Walitafuta chuo kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga: hiki kiko karibu lakini ada inavunja mgongo, kile ada nafuu lakini bodi haikitambui.

"Cha rahisi ni ghali, laazizi," mchora ramani alimtania.

"Na wewe niliyekuokota ukumbini, je?"

Hatimaye mchora ramani akakipata. Chuo cha umma, ada ya kubebeka, wahitimu wanasajiliwa, wanafunzi wanapelekwa vijijini kupanga ardhi pamoja na wenyeji. Ila kilikuwa huko mwisho wa nchi, na masomo ni miaka minne. Mchora ramani alijua akimwambia kwa sauti ya mapenzi atamwomba abaki. Akampigia na kumwambia kwa sauti ya karani.

"Nenda. Huku hakuna cha kukuzuia."

Msusi akauliza huyo mwanamke mwingine ni nani. Kila alichojibiwa hakukiamini. Akaacha kupokea simu.

Siri ilitoka saluni. Dada wa mchora ramani, aliyeolewa mtaa wa mbali, alikwenda kusukwa, ulimi ukamteleza. Mchana ule ule msusi akabisha hodi nyumbani kwa mchora ramani. Alimkuta mpenzi wake amemwegemeza baba yake kifuani, anamnywesha supu kwa kijiko. Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi, na mwanawe ndiye aliyekuwa mikono yake.

"Shikamoo, baba," msusi alisema. Mzee akachezesha midomo. Msusi akamgeukia mwanawe. "Kwa nini hukuniambia kwamba huwezi kunifuata?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningebaki."

"Basi ndiyo hiyo sababu."

Akalia, akasema atabaki hata hivyo. Mchora ramani hakumpinga, maana hakuna alichokitaka zaidi ya hicho. Lakini wiki ile mvua ikanyesha, maji yakaingia kwa mama yake msusi yakapanda hadi kitandani, na hakuna aliyelitaja tena suala la kubaki.

Stendi ya basi, msusi alivaa jinzi na koti la kuazima. Mchora ramani alikuwa na maneno ya posa mdomoni tangu alfajiri. Msusi akamshika kola.

"Usiseme, mpenzi. Ukisema nitashuka."

Hakusema. Mlango ukafungwa, basi likaondoka na vumbi lake. Alisimama pale mpaka alipokumbuka kwamba baba yake hajala, akaanza kutembea kurudi nyumbani.