Jino Moja

Haya yalimkuta rafiki yangu fundi, mtu asiyejua kutia chumvi.

Mchana mmoja alikuwa akimalizia gari la dada yake, ambalo jioni lingempeleka mama yao hospitali. Cheni mpya ya taimingi, ile inayozungusha gia za injini kwa pamoja, ilishaingia. Alilinganisha alama za gia, akaizungusha injini kwa spana mizunguko miwili ili ahakikishe. Alama zikapishana jino moja. Akarudia, zikapishana tena. Kama angeiwasha hivyo, injini ingekufa.

Umeme ukakatika. Gereji ile haina dirisha na mlango ulikuwa umefungwa, giza likawa totoro. Hapo spana ikaanza kusogea yenyewe mkononi mwake. Aliishikilia kwa mikono miwili, wapi! Ilimvuta polepole, na cheni ikawa inalia jino baada ya jino, tik, tik, ilhali betri ilikuwa sakafuni.

“Kaka, fanya haraka,” dada yake aliita nje ya mlango. “Wamepiga simu kutoka nyumbani, mama amezidiwa.”

Alitaka kujibu, sauti ikagoma. Cheni ikanyamaza.

Kisha dada yake akasema, “Mbona sauti yako imekuwa kama ya marehemu baba? Na una maana gani, eti umeshamchukua mama?”