Waya wa Kumi na Saba

Asubuhi ile hata jani halikutikisika, lakini waya wa kumi na saba wa daraja ulikuwa unacheza. Mkaguzi wa nyaya alisimama akautazama. Nyaya nyingine zote zilizolibeba daraja zilikuwa zimetulia tuli.

Aliuwekea kiganja. Mapigo matatu. Kimya. Mapigo matatu tena.

Wakati wa ujenzi wa daraja hiyo ndiyo iliyokuwa lugha yao, yeye na kaka yake. Aliye juu kwenye kikapu cha kupandia aligonga waya mara tatu: nishushe. Aliye chini alishika waya kwa mkono mtupu, maana mashine zilimeza kila sauti. Siku kaka yake alipoanguka kutoka waya huu huu, aliyekuwa chini ni yeye. Kulikuwa na baridi, akavaa glavu. Hakuhisi kitu. Alizitupa kabla watu hawajafika, na hakumwambia mtu yeyote, hata mama yake.

"Huyo ni jini," msimamizi alinong'ona nyuma yake. "Mafundi wamegoma kusogea."

"Jini gani anayejua kuhesabu?" alijibu, akijikaza.

"Mimi sijui. Ninachojua, waya ukiendelea kucheza hivi utakatika pale shinani, na magari yanapita. Tuufunge shokapu ya kuzuia mtetemo leo hii."

Hilo halikuwa na ubishi. Waliifunga shokapu kati ya waya na sakafu ya daraja, kubwa kuliko ya lori, na yeye mwenyewe ndiye aliyekaza nati ya mwisho, huku waya ukigonga matatu, matatu, matatu, mbio mbio, na harufu ya grisi na jasho la kaka yake ikimjaa puani mpaka akashindwa kuhema, naye akazidi kukaza, akilia, mpaka waya ukanyamaza.

"Nisamehe," alisema.

"Umeona?" Msimamizi alicheka, moyo umemtulia. "Amepata kiboko yake."

Mkaguzi alirudi nyumbani jua lingali juu. Mama yake alikuwa uani akianua nguo. Upepo haukuwepo, lakini waya wa kuanikia ulikuwa unatetema. Mama aliushika kwa mkono mtupu, akitabasamu huku machozi yakimtiririka.

"Njoo, mwanangu, njoo umsikie kaka yako," alisema kwa sauti ya chini. "Anauliza zile glavu ulizitupa wapi."