Kitambaa Chekundu cha Bombani

Sogeeni, sogeeni hapa karibu. Hadithi hii haina simba, wala haina sungura mjanja. Ina bomba.

Na ina mtoto. Jina lake ni Nakiete.

Nakiete alikaa mlimani, kwenye kitongoji cha Kirimeni. Nyumba za Kirimeni ni chache, na zote hunywa maji ya bomba moja.

Bomba hilo liko chini ya mteremko, kando ya shamba la tangawizi. Asubuhi ndoo hupangwa mstari: ya bluu, ya njano, na ile isiyo na mkono.

Chururu, chururu! Ndoo zinajaa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mvua kubwa ikinyesha, tope la mlimani huingia kwenye maji.

Hapo ndipo huja Mama Mbazi, mtunza bomba, na viatu vyake vya mvua. Pwacha, pwacha, pwacha!

Mama Mbazi hufunga kitambaa chekundu kwenye shingo ya bomba. Hukaza fundo, halafu huenda zake.

Kila mtu Kirimeni anajua maana ya kitambaa hicho. Watoto wameshakitungia wimbo:

*Chekundu kipo, chemsha!*
*Chekundu hakipo, kunywa!*

Kitambaa hufungwa na Mama Mbazi, na hufunguliwa na Mama Mbazi. Mtu mwingine hakigusi.

Basi nani alikigusa? Ngojeni, msiwe na haraka.

Nakiete alikuwa na mwanasesere wa majani makavu ya mgomba. Alimwita Bi Mgomba.

Bi Mgomba alikuwa na macho ya mbegu na nywele za katani. Lakini nguo hakuwa nayo, maskini, hata kipande.

"Atapata baridi," Nakiete alisema.

"Baridi!" alisema Kadeghe.

Kadeghe alikuwa mtoto wa jirani. Alikuwa mdogo sana, meno yake bado yanahesabika.

Kila asubuhi alisimama kwenye ua, akaita, "Nana! Nana!" Hakuweza kusema Nakiete, kwa hiyo alisema Nana.

Usiku mmoja mvua ilinyesha. Pa! Pa! Pa! Iligonga mabati mpaka alfajiri.

Asubuhi jua likatoka. Nakiete akatumwa bombani na kidumu chake kidogo.

Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa. Kilikuwa chekundu, chekundu kama pilipili iliyoiva.

Nakiete akafungua bomba. Chururu, chururu! Maji yalikuwa meupe, hayana hata punje ya tope.

"Mbona maji ni safi?" alijiuliza. "Mama Mbazi amesahau kukifungua."

Akatazama huku. Akatazama kule. Hapakuwa na mtu.

Akavuta fundo. Fundo likawa gumu. Akavuta kwa meno, na kitambaa kikafunguka.

Ee Nakiete! Hapo ungekiacha tu, mwanangu. Lakini hakukiacha.

Akakikunja kidogo, kidogo, kidogo. Akakificha ndani ya sweta lake.

Nyumbani alichukua mkasi na sindano ya mama. Kacha, kacha! Kitambaa kikawa gauni.

Lo, Bi Mgomba alipendeza! Hata bi harusi angemwonea wivu.

Mama alichemsha maji ya kidumu, kwa sababu mama huchemsha siku zote, kitambaa kiwepo kisiwepo. Lakini si mama wote wana kuni za kutosha.

Mchana Mama Kadeghe alishuka bombani na ndoo. Akatazama shingo ya bomba. Kitambaa hakipo.

Watoto waliokuwa pale wakaimba:

*Chekundu kipo, chemsha!*
*Chekundu hakipo, kunywa!*

Mama Kadeghe akacheka. Akarudi nyumbani, akachota kikombe, akampa mtoto wake maji.

Kadeghe akanywa yote. Gu, gu, gu!

Asubuhi iliyofuata Nakiete alitoka nje na Bi Mgomba. Alitaka Kadeghe aone gauni.

Alisubiri kwenye ua. Hakuna aliyeita, "Nana! Nana!"

Badala yake alisikia kilio kidogo ndani ya nyumba. Kilikuwa kilio kilichochoka.

Mama Kadeghe akatoka. Alikuwa amemfunga Kadeghe mgongoni, na kichwa cha Kadeghe kimelala upande.

"Ameharisha tangu alfajiri," alimwambia mama yake Nakiete. "Kila akila kitu, anatapika. Nampeleka zahanati."

"Labda meno yanaota," alisema mama. "Pole, jirani. Nenda haraka."

Nakiete alibaki kwenye ua. Akatazama gauni jekundu. Akatazama mgongo wa Mama Kadeghe unaopotea njiani.

Yeye alijua kwamba si meno.

Moyo wake ukasema: *Laiti ningekiacha. Laiti ningekiacha palepale.*

Akaingia ndani, akamfunika Bi Mgomba kwa mto. Gauni likaonekana pembeni. Akasukuma mto. Gauni likaonekana upande mwingine.

Uji ulikuwa mezani. Nakiete hakuutaka.

"Unaumwa?" aliuliza mama.

"Hapana," alisema Nakiete. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya kifaranga.

Nje, watoto walikuwa wakishuka bombani. Walikuwa wakiimba:

*Chekundu kipo, chemsha!*
*Chekundu hakipo, kunywa!*

Nakiete akaziba masikio. Wimbo ukaingia tu.

Halafu akafikiri: kama Kadeghe amekunywa, na hawa nao watakunywa.

Akamchomoa Bi Mgomba chini ya mto. Akakimbia. Mteremko wote, mbio, mbio, mbio!

Bombani palikuwa na msichana mdogo mwenye kikombe cha plastiki. Kikombe kilikuwa kimejaa, na kilikuwa kimeshafika mdomoni.

"Usinywe!" Nakiete alipiga kelele. "Msinywe! Chemsheni!"

Kikombe kikaanguka. Pwaa!

"Mbona kitambaa hakipo?" aliuliza mwanamke mmoja wa kwenye foleni. "Nani amekuambia tuchemshe?"

Nakiete akafungua mdomo. Machozi ndiyo yaliyotoka.

Akamwinua Bi Mgomba juu, watu wote wamwone. Wakaliona gauni.

"Nilikichukua mimi," alisema Nakiete. "Nilidhani maji ni safi. Kadeghe anaumwa, na ni mimi."

Bomba peke yake likasema: ndo, ndo, ndo.

Pwacha, pwacha, pwacha! Mama Mbazi akaja akishuka kutoka mlimani, na tope mpaka magotini. Jana na leo alikuwa juu kwenye chanzo cha maji, akizoa tope kwa jembe na karai.

Wakamweleza. Mama Mbazi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mtoto wewe," alisema. "Mtoto wewe!"

Alikuwa amekasirika kwelikweli. Nakiete akangoja agombezwe.

Lakini Mama Mbazi alisema taratibu, "Laiti ningepita hapa jana jioni. Nilichoka, nikakata njia ya juu."

"Maji yalikuwa meupe," alisema Nakiete, huku akilia.

"Naam, yalikuwa meupe. Ila kuna uchafu mdogo sana, jicho haliuoni. Tumbo ndilo linauona." Mama Mbazi akapangusa tope usoni. "Mimi hufungua kitambaa nikishaosha tangi la kule juu na kutia dawa ya maji. Leo bado."

"Basi tufunge," alisema mwanamke wa foleni. "Kitambaa kingine kiko wapi?"

Kitambaa kingine hakikuwepo. Na kile cha kwanza kilikuwa kimekatwa, kikashonwa, kikawa gauni.

Nakiete akamkumbatia Bi Mgomba mara moja. Halafu akampa Mama Mbazi.

"Mfunge yeye," alisema.

Mama Mbazi akamfunga Bi Mgomba kwenye shingo ya bomba, na gauni lake jekundu. Akakaza fundo.

Bi Mgomba akaning'inia pale. Matone yakamlowesha nywele.

Nakiete alipanda mteremko peke yake. Alitembea polepole, mikono mitupu.

Nyumbani alimwambia mama kila kitu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo maana wakubwa husema majuto ni mjukuu," alisema mama. "Huja baadaye, na akija haondoki upesi."

"Kadeghe atapona?" aliuliza Nakiete.

Mama alimweka Nakiete mapajani, wakaitazama njia ya zahanati.

Jua likasogea. Kuku wakaingia bandani. Njia ilikuwa bado tupu.

*Laiti ningekiacha*, moyo ulisema. *Laiti ningekiacha palepale.*

Jioni Mama Kadeghe akarudi, na Kadeghe mgongoni. Mkononi alikuwa na pakiti za dawa ya kuchanganya na maji.

Nakiete akatoka mpaka kwenye ua.

"Mama Kadeghe, shikamoo. Ni mimi niliyechukua kitambaa. Nisamehe."

Mama Kadeghe alikuwa ameshasikia njiani. Kirimeni habari hazihitaji miguu.

Hakuitikia. Aliingia ndani na kufunga mlango.

Nakiete akabaki peke yake kwenye ua. Alilia mpaka sweta likalowa.

Mlangoni kwa jirani moshi ukatoka. Mama Kadeghe alikuwa akichemsha maji, akiyapoza, akichanganya dawa.

"Kunywa, baba," sauti yake ilisikika. "Kunywa kidogo tu."

"Taki!" alisema Kadeghe. Na kijiko kikalia chini: kling!

"Kunywa, mwanangu, tafadhali."

"Taki!" Kling!

Halafu mlango ukafunguka.

Mama Kadeghe alisimama pale. Macho yake yalikuwa mekundu na uso wake haukucheka.

"Nakiete," alisema. "Anakataa kijiko changu. Nesi amesema lazima anywe. Nawa mikono, uje umjaribu wewe."

Nakiete alinawa kwa sabuni. Akanawa tena.

Akaketi kwenye mkeka. Kadeghe akawekwa mapajani mwake. Alikuwa mwepesi, na midomo yake ilikuwa mikavu.

"Kadeghe," alinong'ona. "Hiki cha kuku."

Kadeghe akafungua jicho moja. Kijiko kikaingia.

"Hiki cha mbuzi." Kijiko kikaingia.

"Hiki cha viatu vya Mama Mbazi. Pwacha, pwacha, pwacha!" Kijiko kikaingia.

Kijiko kwa kijiko, kikombe kikapungua. Mkono wa Nakiete ulichoka, lakini hakusimama.

Mama Kadeghe alikuwa amekaa karibu na mafiga. "Laiti ningechemsha tu," alisema, kama anayezungumza na moto. "Kuni zilikuwa chache, nikasema kitambaa hakipo, basi."

Nakiete akachota kijiko kingine.

Mara akahisi kitu. Kilikuwa cha moto. Kilikuwa kinashuka mapajani, kinaingia kwenye sketi.

"Mama Kadeghe," alisema, "amenikojolea."

Mama Kadeghe akaruka. "Amekojoa? Kweli amekojoa?"

"Sana," alisema Nakiete.

"Amekojoa!" Mama Kadeghe alipiga vigelegele. "Tangu asubuhi hajakojoa! Nesi alisema akikojoa, ujue maji yamekaa mwilini!"

Mama yake Nakiete akasikia, akaja mbio na ufunguo wa mlango bado mkononi. Wakacheka, wakalia, wakacheka tena.

Nakiete hakucheka sana. Alikuwa amelowa, amechoka, na bado anasikitika. Lakini akachota kijiko tena.

Kadeghe akanywa vijiko vingine. Halafu akapiga mwayo mkubwa, meno yake yote machache yakaonekana.

Akalala palepale, mapajani mwa Nakiete.

"Nimchukue wangu, tukalale?" mama yake Nakiete aliuliza.

Mama Kadeghe aliwatazama watoto. Bado alikuwa amenuna kidogo, na mtu mzima akinuna humchukua muda.

"Mwache," alisema. "Kadeghe akiamka atataka kunywa, na wewe unajua anakunywa kwa kijiko cha nani."

Akavuta kanga yake begani, akaikunjua. Akawafunika wote wawili.