Ukoka wa Kaburi la Sabina

Jua la Januari lilikausha majani ya ng'ombe kote Meru. Palibaki mahali pamoja tu pabichi nyumbani kwa Nathanaeli: juu ya kaburi la mkewe Sabina, kando ya mibuni. Kila asubuhi Nathanaeli alichukua mundu, akafyeka ukoka wa pale mpaka udongo ukaonekana. Ng'ombe akala.

Februari ukoka ulikauka kama mkeka mkuukuu. Kisha ukaanza kufa.

"Ni kamati ya mfereji wa maji!" Nathanaeli alifoka. "Wakubwa wanaogelea huko juu, sisi tunaachiwa matope."

Alikuwa akimwambia jirani yake, Elinipa, mtunza bustani katika hoteli moja ya Usa River.

"Shikamoo kwanza, Baba Tabea."

"Marahaba. Pasaka hiyo inakuja. Alfajiri yake waumini wa usharika watakuja kuimba hapa kaburini. Watasema Nathanaeli kamtupa mkewe. Na mvua zikianza, kaburi litateremka bondeni."

Elinipa alichuchumaa, akashika udongo.

"Kamati ina makosa yake," alisema. "Lakini mundu alishika mwenyekiti?"

Nathanaeli alitazama pembeni. "Ng'ombe ana njaa, mama."

"Najua. Ila jani ndilo jiko la ukoka. Ukilikata lote, mizizi itakula nini? Wakati wa joto acha urefu wa vidole vinne. Ukoka wenyewe utaufunika udongo. Ng'ombe njoo umchukulie mabua kwangu. Na maji unaweka vipi?"

"Kikombe kimoja, kila jioni."

"Aa! Hiyo ni kumlowesha midomo mtu mwenye kiu. Mwaga ndoo nzima, asubuhi mapema, mara mbili kwa wiki. Maji yazame. Mizizi itayafuata chini."

"Samadi nimeweka. Ya leo leo."

"Mbichi? Inaunguza hiyo! Iache ioze miezi mitatu. Ile ya zamani, nyuma ya zizi, itandaze mvua zikianza."

Nathanaeli aliguna. Sabina naye alizoea kumwambia: ukaidi utakumaliza. Lakini jioni ile aliutundika mundu ukutani.

Machi mvua zilianza. Alichimba vipande vya ukoka kandokando ya mfereji, akavipanda palipokuwa na mabaka, akatandaza samadi iliyooza.

Alfajiri ya Pasaka watu walikuja wakiimba. Ukoka haukuwa mnene, lakini ulikuwa kijani, na kaburi halikuwa limepoteza hata konzi ya udongo. Binti yake Tabea alivua viatu kabla ya kukanyaga pale.

Julai baridi ilishuka na ukungu. Ukoka ukawa wa manjano. Nathanaeli alikimbilia ndoo.

"Weka chini, Baba Tabea!" Elinipa aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Baridi imeulaza tu. Sasa haukui, wala hauna kiu sana. Ukiumwagia maji kila siku utaoza. Usiukate, usiuwekee samadi. Joto likirudi, utaamka."

Wiki ile ile Solomoni, mwenyekiti wa mfereji, alipita njiani. Akasimama.

"Mzee, nyasi zako zimekufa."

"Zimelala," Nathanaeli alijibu. "Septemba zitaamka. Wewe hakikisha zamu yangu ya maji nayo imeamka."

Solomoni akacheka. Nathanaeli hakucheka. Aliinama, akaokota jani la mgomba lililoanguka juu ya kaburi, akampelekea ng'ombe.