Goti la Bibiana

Treni ya Tabora ilipoingia Mpanda, stesheni nzima iligeuka vurugu: kuku, magunia, wapagazi wakigombea mizigo. Bibiana, mwalimu wa shule ya msingi na nyota wa netiboli wa wilaya, alishuka na sketi ya bluu na raba nyeupe, begi la mipira begani. Hatua ya kwanza akamkanyaga karani wa reli aliyeitwa Ngusa.

"Dada, huo mguu bado nauhitaji," Ngusa alilalamika.

"Si ungeuondoa njiani?"

"Nimechelewa. Umeshauvunja, sasa utauuguza."

Bibiana alicheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Ngusa akisafiri kikazi alimpigia simu ya posta.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi sili mpaka nisikie sauti yako."

"Basi umeshiba. Kata simu, huku kuna foleni!"

Mwaka tisini na nane, kwenye mechi na Sumbawanga, Bibiana aliruka kudaka mpira akatua vibaya, goti likajisokota. Uvimbe uliisha, lakini goti likawa linakwama. Akilikunja halikunjuki, mpaka machozi yamtoke. Ngusa, na hapa lazima nimsifu, aliuza ng'ombe wake wawili akampeleka Nairobi kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya goti.

"Kwenye picha sioni mchaniko," daktari aliwaambia. "Ila mashine yetu sumaku yake ni ndogo. Gegedu lililo kati ya mifupa likichanika kidogo, tunaweza tusione. Goti likizidi kukwama, rudini tuingize kamera tuangalie wenyewe."

Bibiana alisikia maneno yote. Ngusa alisikia ya mwanzo tu, akafurahi, na yaliyobaki akayaacha hukohuko Nairobi.

Mwezi uliofuata alimpeleka mchumba wake kijijini kwao Mamba, kumtambulisha kwa wazazi. Walikuwa Wasukuma, wafugaji waliohamia huko na mifugo yao, na kwao mkamwana humsalimia mkwe kwa kupiga magoti. Bibiana, ndani ya gauni jipya la kitenge, alianza kushuka mbele ya mzee Manyanda, baba yake Ngusa. Goti likakwama nusu njia. Akabaki ameinama.

"Mwadila, baba."

Mzee akageuza uso, hakuitikia.

"Ndiye huyu aliyemaliza ng'ombe?" mama yake Ngusa akauliza. "Na goti si mlisema zima?"

Wote wakamtazama Ngusa. Angeweza kumtetea kwa neno moja tu, tena jepesi.

"Picha ilisema zima, mayu," alimjibu mama yake, kisha akamgeukia Bibiana. "Jikaze basi. Mara moja tu."

"Ngusa, linakwama."

"Picha nimeiona kwa macho yangu. Halina kitu. Usiniaibishe kwa wazazi."

Bibiana akashuka kwa nguvu. Kitu kikalia ndani ya goti, naye akapiga ukelele uliowanyamazisha watoto uani. Wanawake wawili ndio waliomwinua. Kesho yake alipanda lori la mchele peke yake, akarudi Mpanda.

Walimu wenzake walichanga, akaenda tena Nairobi. Safari hii kamera ilionyesha gegedu lililochanika, kipande kimejikunja katikati ya mifupa. Wakakitoa, lakini netiboli ndiyo ikawa basi.

Mwalimu mkuu alipompa habari hizo, Ngusa alikimbilia shuleni. Alimkuta Bibiana kando ya uwanja na magongo yake, akiwafundisha wasichana kurusha mpira.

"Nisamehe, mpenzi. Daktari ameona kwa kamera. Kweli lilichanika. Nimewaambia nyumbani, wanataka tufunge ndoa."

"Kwa hiyo sasa unaamini?"

"Naamini kabisa!"

"Unamwamini nani, Ngusa?"

"Si daktari? Ameliona mwenyewe."

Bibiana alimtazama yule mwanaume aliyeuza ng'ombe kwa ajili yake. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kisu cha daktari.

"Uliamini picha, sasa unaamini kamera," alisema. "Mimi nilikwambia kwa mdomo wangu linakwama, mbele ya baba yako. Mimi hujaniamini hata leo."

"Mwalimu wangu…"

"Nenda, Ngusa. Nimechoka kutafutiwa ushahidi."

Ngusa alisimama pale mpaka kengele ikalia na wasichana wakaingia darasani. Bibiana aliingia nyuma yao, akafunga mlango, akalia ameugeukia ubao ili watoto wasimwone.